Jumatano za Mama

Nimesikiliza shuhuda nyingi, na karibu zote hutolewa na mtu aliyepona. Mimi sijapona. Daktari alinieleza mapema kwamba hili si jambo la kupona kama malaria. Nimejifunza kuishi nalo na kufanya kazi nalo, na kazi yangu leo inakwenda vizuri. Lakini kuna jambo moja lililonichukua muda mrefu kuliko kujifunza kazi: kumfikia mama yangu na kumwambia maneno machache. Nitaeleza yote mawili, kwa sababu kwangu hayatenganishiki.

Naitwa Festo. Nilizaliwa Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Tulikuwa watoto wawili, mimi na dada yangu Editha aliyenizidi miaka sita. Baba alifariki nikiwa mdogo mno, simkumbuki. Mama alitulea kwa mahindi, na kwa mboga alizolima kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo hazikauki hata kiangazi.

Nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na habari. Ningeondoka na kikombe mkononi, njiani ningemkuta fundi anafungua pikipiki, ningekaa pale mpaka aifunge, kisha ningerudi nyumbani nikieleza jinsi kabureta inavyofanya kazi. Kikombe sijui kiko wapi. Chumvi sikumbuki kama nilitumwa. Nilipoteza masweta matatu kwa mwaka mmoja. Darasani mguu wangu wa kulia ulichezacheza mpaka dawati likatikisika na mwenzangu akashindwa kuandika. Na niliuliza maswali. Niliuliza kila kitu, tena kabla mtu hajamaliza kusema.

Nikiwa darasa la tatu nilileta nyumbani ripoti ya shule. Mama aliisoma akiwa amesimama. Akakaa chini, akaisoma tena polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Sikujua imeandikwa nini. Nilikuwa wa nne darasani, nikadhani amekasirika kwa sababu sikuwa wa kwanza.

Wiki hiyohiyo zikaanza Jumatano.

Kila Jumatano mama hakula wala kunywa mpaka jua lizame. Alilima hivyohivyo, midomo imemkauka, akitema mate mazito kama uzi. Mchana tulikwenda nyumba moja ambako kina mama walikutana kuomba. Niliwekwa katikati. Mikono ilikuwa mingi juu ya kichwa changu, ya moto, yenye kunuka vitunguu na sabuni ya mche. Walinipaka mafuta kwenye paji la uso na ndani ya masikio. Mzee mmoja aliyewaongoza alisukuma kichwa changu nyuma huku akiamuru kitu kitoke.

Siku moja nilimuuliza, "Akitoka anakwenda wapi?"

"Nyamaza, wewe pepo!"

"Mimi ni Festo. Nauliza tu, akitoka anakwenda kwa nani?"

Nikapigwa kofi moja, nadhani lilikuwa la yule pepo. Baadaye niligundua kwamba nikianguka, maombi yanaisha haraka na kina mama wanashangilia. Nikajifunza kuanguka vizuri, bila kujigonga kisogo. Mama alikuwa ananipokea. Uso wake siku hizo ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Furaha hiyo ilidumu mpaka nipoteze kitu kingine, yaani mpaka Alhamisi.

Sekondari nilimaliza kwa nguvu ya kusoma wakati maji yamefika shingoni. Chuo kikuu nilichukua kilimo. Huko hakuna kengele wala mtu wa kukufuata bwenini. Mwaka wa kwanza nilipata sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia, na mtihani wa sapu mmoja nilifika siku moja baada ya kufanyika. Nikadisco. Nilimpigia mama simu kumwambia nimefukuzwa masomo. Nilitegemea kelele. Alisema tu, "Nisamehe, baba."

Nikamuuliza, "Nikusamehe nini?" Akasema, "Nisamehe tu." Nikaudhika, nikakata simu. Mimi ndiye niliyefeli, yeye anaomba msamaha! Niliona ni ile dini yake tu.

Niliomba upya, nikaanza tena, nikamaliza. Nikapata kazi Mbeya, upande wa Uyole, kwenye kitalu cha miche ya parachichi.

Kazi yetu kubwa ni kubebesha. Unachukua mche uliooteshwa kwa mbegu ya kienyeji, unaukata kichwa, unapachika kikonyo kutoka mti wa aina nzuri, unafunga kwa nailoni. Vikishikana, mche huo utazaa matunda ya kikonyo. Mikono yangu iliipenda kazi hii kuanzia siku ya kwanza. Nilikuwa na kasi kuliko watu walioifanya miaka kumi. Ila kisu kilinikata dole gumba la kushoto mara nyingi, na bado lina makovu kama ngazi. Na nilikuwa nasahau kuandika vibao.

Ikafika siku nilipobebesha kitalu kizima huku vikonyo vya aina mbili viko kwenye ndoo moja. Nilivichanganya mwenyewe, nikiwaza jambo lingine. Miche ikashika, ikatoa majani, na hakuna aliyejua upi ni upi. Mkulima hanunui mche wa kubahatisha, maana anasubiri miaka kabla ya kujua kama amedanganywa. Tuling'oa yote. Niling'oa mimi mwenyewe, mche baada ya mche.

Msimamizi wetu ni Bi Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke mrefu asiye na haraka. Alisimama akaniangalia.

"Wewe Mhehe," alisema, "unatumia bangi?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Pombe?"

"Sinywi."

"Basi kesho hufanyi kazi. Nenda hospitali ukaonane na watu wa akili. Si kwamba nakutukana. Nimekuwa nakuangalia mwaka mzima. Mvivu namjua, na wewe si mvivu. Mvivu hawezi kubebesha kama wewe. Kuna kitu."

Nilikwenda kwa hasira, nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi ili nisitambulike kwenye benchi la wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Aliomba karatasi ya rufaa.

"Nimeipoteza."

"Wapi?"

"Kati ya mapokezi na hapa."

Akaandika kitu. Akaniuliza maswali karibu saa nzima, kisha akasema anafikiri nina ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo moja. Nikamwambia hiyo nimewahi kuisoma mtandaoni na sikuiamini. Nikauliza, mnajuaje? Kuna kipimo cha damu?

"Hakuna."

"Picha ya ubongo?"

"Hapana."

"Basi ni maoni yako tu, daktari."

Hakukasirika. "Ni maoni yenye utaratibu. Moja ya utaratibu wake ni kwamba lazima hali hii iwe ilianza utotoni. Kwa hiyo tusibishane. Niletee ripoti zako za shule ya msingi."

Jibu hilo nililiheshimu. Nikampigia Editha, ambaye alikuwa ameolewa Iringa mjini na alikuwa anakwenda kwa mama kila wiki. Nilimwomba apige picha ripoti yoyote atakayoikuta. Iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ile ya ndani ya Biblia. Niliifungua kwenye simu nikiwa mbele ya daktari. Karatasi imeiva rangi ya chai, mikunjo imetoboka. Chini kabisa, kwa wino wa bluu: *Mtoto ana akili nyingi, ila ana mapepe. Mzazi amsaidie atulie.*

Daktari akatabasamu. "Mwalimu wako alikuona kabla yangu."

Mimi sikutabasamu. Nilikuza ile picha mpaka herufi zikajaa kioo. Kisha nikampigia Editha tena, palepale. "Nisomee mstari wa mwisho."

"Mtoto ana akili nyingi, ila ana mapepo."

"Soma tena. Herufi ya mwisho."

"Ni e. Mbona mama alinisomea mapepo siku zote?"

Mwalimu yule alitoka Tanga. Kwao, mtoto asiyetulia, anayerukaruka kutoka hili kwenda lile, ana mapepe, na hakuna anayeshtuka kwa hilo. Mama alijifunza Kiswahili ukubwani, nusu sokoni na nusu kanisani. Kwenye Kiswahili chake neno mapepe halikuwepo, mapepo lilikuwepo. Jicho lake likasoma neno lililokuwa analijua. Na mzazi gani atakwenda shuleni kumuuliza mwalimu kama kweli mwanawe ana mapepo? Alinyamaza, akaanza kufunga. Miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni kubwa kuliko la vikonyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kalenga nikiwa na furaha kali, ile furaha ya mtu aliyeshinda mjadala. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekonda."

Sikukaa hata dakika tano. Nikatoa ripoti kwenye Biblia yake, nikamwekea miwani puani kama mtoto anayecheza, nikamwonyesha. "Ni *e*, mama. Angalia. Sikuwahi kuwa na pepo. Ni ubongo tu, umeundwa hivi, daktari kasema. Unaona? *E*!"

Aliinamia karatasi. Kidole kikafuata mstari, kama zamani.

"Kwa hiyo," alisema, "nilikuwa nafunga bure?"

Ugonjwa wangu una sehemu ambayo watu hawaijui. Wanajua kusahau. Hawajui kwamba mdomo hutangulia. Mtu mwingine huwa na kizingiti kati ya wazo na ulimi. Changu ni chembamba kama karatasi. Nikasema, tena nikicheka:

"Bure kabisa."

Akavua miwani. Akaikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ya siku zote. Akarudi kwenye maharage. Nilikaa naye mpaka kesho yake nikizungumza kuhusu ubongo, na sikuona kitu. Nilirudi Mbeya nikidhani nimemfungua mtu.

Wiki tatu baadaye Editha alipiga simu. "Umemfanya nini mama?"

"Kivipi?"

"Jumatano anakula."

"Si vizuri?"

"Anakula huku analia, Festo. Ameacha kwenda kwenye maombi. Wenzake wamekuja kumfuata, kajifungia ndani. Nikamuuliza, akaniambia, 'Jumatano sina kazi.' Umemwambia nini?"

Nikamweleza. Dada yangu hakunitukana. Alisema, "Rudi. Ongea naye. Si kwa simu, kwa simu hataki." Nikasema nitakuja wiki hiyohiyo. Nilikuwa namaanisha.

Sasa nieleze matibabu, maana yaliendelea wakati huohuo. Dawa ilipatikana kwa shida, miezi mingine haikuwepo kabisa. Ilipokuwepo, mdomo ulikauka, njaa ilipotea, na siku za mwanzo moyo ulidunda mpaka nikauhisi masikioni. Lakini mara ya kwanza katika maisha yangu nilisoma ukurasa mmoja mpaka chini bila kuurudia. Nililia juu ya ukurasa huo. Ulikuwa unahusu mbolea.

Daktari alinifundisha pia kwamba umakini ninao, usukani wake ndio mlegevu. Hivyo mambo mengi yanabidi yatoke kichwani yakae nje, pale jicho linapofika. Bi Sekela hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alipiga marufuku ndoo mbili mezani kwangu: aina moja ya vikonyo kwa siku, na utepe wake wa rangi umefungwa kwenye kifundo changu cha mkono, ili nikiangalia kisu niuone. Kibao kinaandikwa kabla ya mche wa kwanza. Na kazi za makaratasi, ambazo nilizikimbia kama simba, nilizifanya Gwakisa akiwa amekaa kando yangu. Gwakisa ni mwenzangu wa kitalu. Hanisaidii chochote. Anakaa tu, anajaza udongo kwenye viriba vyake, ile mifuko ya kuoteshea miche, na kunitania.

"Mhehe, andika. Nikimaliza viriba hivi kabla yako, unaitwa shemeji mwezi mzima."

Sijui kwa nini kukaa na mtu kunafanya kazi. Nilimuuliza daktari, na yeye hakuwa na jibu la kuniridhisha. Lakini kunafanya kazi. Kwa miezi sita sikuharibu mche hata mmoja kwa uzembe. Nikapewa kuwafundisha wengine kubebesha.

Na katika miezi sita hiyo sikwenda Kalenga.

Ni vigumu kulieleza hili bila kuonekana mtu asiye na moyo. Kazi ya kitalu iko mezani, unaigusa. Lakini jambo linalouma halikai mezani. Kila nilipoliwaza, akili iliteleza kando kama mguu kwenye utelezi wa Machi. Halafu ni wiki nyingine. Mara ya kwanza nilipoamua kwenda, nilitafuta kiatu cha pili mpaka basi likaondoka. Mara ya pili nilikata tiketi ya tarehe isiyo yenyewe.

Mara ya tatu nilipanda. Nilikuwa na begi, na ndani yake kanga niliyomnunulia mama. Tulipofika Makambako nilishuka kununua mahindi ya kuchoma. Nikakuta mtu anabishana na mchomaji kuhusu mbegu gani inastahimili baridi. Nilikuwa na maoni. Nilipogeuka, basi halikuwepo.

Baadaye simu ikaita. Editha. "Niko stendi Iringa. Begi limefika. Wewe uko wapi?"

Nilisimama pembeni ya lami, mahindi yanapoa mkononi. Ningeweza kupanda gari lingine. Yalipita mengi. Lakini aibu ilinishika, nikaona siwezi kuingia nyumba ile nikiwa nimechelewa tena, nikiwa yuleyule. Nikavuka barabara nikapanda la kurudi Mbeya.

Editha alipeleka begi Kalenga. Aliniambia mama alilifungua, akatoa nguo zangu zote, safi na chafu, akazifua zote, akazikunja. Kanga aliiweka kando. Akasema, "Hii atanipa mwenyewe."

Mwezi wa nane baada ya lile neno langu, mama alitapika damu. Editha alinipigia siku ya Jumanne asubuhi nikiwa kitaluni. Alisema wamempeleka hospitali mjini, damu ilikuwa nyeusi kama masalia ya kahawa, na daktari ameona uvimbe tumboni ambao umesambaa.

Nilikwenda kwa Bi Sekela nikasema, "Nikiachwa peke yangu sitafika." Ni sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kusema kazini. Akavua glovu. Akanipeleka stendi yeye mwenyewe, akaniweka kiti cha mbele, akamwita kondakta.

"Huyu asishuke Makambako."

"Vipi mama, mfungwa?"

"Ni mwanangu. Ana mapepe."

Kondakta akacheka. "Aa, hao tunao wengi. Hashuki."

Nilifika Iringa jioni hiyo. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, nikaingia wodini Jumatano asubuhi. Mama alikuwa mdogo kitandani, ngozi ya mikono imelegea, tumbo limevimba na kukaza, pumzi yake inanuka kitu kichachu. Macho yalikuwa yaleyale.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umepanda gari?"

"Nimepanda."

"Umefika nalo?"

"Nimefika nalo."

Editha akacheka, akatoka akatuacha. Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kusema, "Mama, haikuwa bure." Nikasema hivyo. Akageuza uso.

"Usinidanganye. Wewe ulikuwa unauliza, ulikuwa unapoteza, lakini uongo hukuwa nao. Usiuanzie kwangu."

Hapo nilikwama. Siamini kwamba kulikuwa na kitu cha kutoka ndani yangu, siamini kwamba njaa yake ilinipitisha mtihani wowote, na yeye alijua siamini. Ikabidi nitafute sentensi ambayo ni kweli. Niliubana mguu wangu kwenye mguu wa kitanda ili usicheze, nikasema polepole, neno moja moja.

"Mama, sijui kufunga kunafanya nini. Sijui. Lakini mimi siwezi kuweka kitu kimoja kichwani kwa saa moja. Wewe uliniweka kichwani siku nzima, kila wiki, miaka kumi na tisa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyefanya hivyo. Hiyo si bure. Nilisema neno la kijinga, nikachelewa miezi minane kulirudisha. Nisamehe."

Akanigeuzia uso tena. Kisha akasema, "Si siku nzima."

"Nini?"

"Ikifika saa nane nilikuwa nawaza ugali."

Tulicheka, yeye akijishika tumbo kwa maumivu. Halafu kicheko chake kikageuka. Machozi yakawa yanaelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Mimi ndiye nilikuharibia," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nasahau. Nasahau kwamba ni Jumatano. Niko shambani, jirani ananipa togwa, nakunywa. Nimeshameza ndiyo nakumbuka. Mara nyingi, Festo. Sikumwambia mtu. Nikisema nitakumbuka, sikumbuki. Uliposema umefukuzwa chuo, nilihesabu. Wiki ile nilikuwa nimekunywa chai. Nikasema, ndiyo maana yule pepo hatoki. Mama yake kichwa kibovu."

Nilimkumbuka mama kama alivyokuwa siku zote: sufuria zilizoungua, jembe alilolisahau kwenye kinyungu likaibiwa, nyimbo tatu zilizoanzwa na kuachwa katikati ya kufagia. Daktari wa Mbeya alikuwa ameniuliza kama kuna ndugu mwenye hali kama yangu. Nilijibu hakuna. Sikuwahi kumwangalia.

"Mama," nilisema, "hiyo ni yangu pia. Nimeirithi kwako. Si kichwa kibovu."

"Na mimi nina mapepe?"

"Nadhani unayo."

Akafikiri. "Na miaka yote hii nilikuwa najipiga."

Nilimfuta masikio.

Nilikaa naye siku tisa. Nilijifunza kumgeuza, kumsafisha, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko huku Editha amekaa kando ili nisikimbie na mawazo. Kanga, ambayo Editha aliileta kutoka Kalenga, nilimpa mwenyewe. Nilimuuliza daktari wa pale kama kufunga ndiko kulikomletea uvimbe. Alisema hawezi kusema hivyo, wapo wengi wasiofunga wenye ugonjwa huo. Nimemuuliza na daktari mwingine. Bado nauliza.

Siku ya tisa, mchana, mama alishindwa kuinua kichwa ili anywe. Editha akasema, "Kalete mrija." Duka liko ng'ambo ya geti. Simu niliiacha inachaji. Nilinunua mrija. Wakati wa kurudi nilimwona mtu ametandaza miche ya parachichi chini ya ukuta, na mafundo ya kubebeshea yalikuwa yamefungwa chini mno, karibu na udongo. Miche ile ingeoza. Nilimwambia. Akabisha. Nikainama nikamwonyesha.

Sijui ni muda gani. Niliporudi, pazia la kitanda lilikuwa limevutwa.

Editha alikuwa ameketi, mikono mapajani. Nilikuwa nimeshika mrija. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Aliuliza uko wapi," alisema. "Nikamwambia umetoka kidogo. Akasema, 'Mwache. Anakuja.'"

Tulimzika Kalenga. Wale kina mama wa Jumatano walikuja wote wakaimba, na nilisimama katikati yao bila kuuliza swali lolote.

Nimerudi kazini. Namshukuru Bi Sekela, aliyeona tofauti kati ya mvivu na mgonjwa. Namshukuru daktari aliyekubali kubishiwa. Namshukuru Gwakisa kwa viriba vyake, na Editha, ambaye hajawahi kunikumbusha ule mrija, nami nakumbuka bila kukumbushwa. Namshukuru na mwalimu wa Tanga. Aliniona vizuri. Laiti mama angemwendea akamuuliza tu, "Mwalimu, umeandika nini hapa?"

Kwa mzazi aliyepewa neno ambalo halielewi kuhusu mwanawe, iwe shuleni, hospitali au kanisani: uliza. Uliza hata kama ni aibu. Kwa mtu mzima anayejiona katika haya niliyoeleza: usijiite mvivu kabla hujapimwa, na ukipimwa, mwangalie aliyekuzaa kwa macho mapya angali hai. Tafuta wa kukaa kando yako. Weka mambo nje ya kichwa. Dawa ikikufaa, itumie kama ulivyoelekezwa.

Na kama kuna mtu unayetaka kumwambia neno, na kila wiki unasema utakwenda, usingoje kichwa kitulie kwanza. Hakitatulia. Nenda nacho hivyohivyo.